Mwaka wa Taa ya Kijani

Ujumbe wa Lomayani ulinikuta jikoni nikimenya viazi. Ulikuwa mfupi, kama ujumbe wake wote: Injinia amepumzika jana mchana, maziko Jumamosi nyumbani kwake kule juu, na familia inaomba mimi nitoe salamu kwa niaba ya tuliofanya naye kazi. Niliusoma mara mbili, nikaifuta simu kwa khanga maana nilikuwa nimeishika kwa mikono ya maji, nikaendelea na viazi. Nilimenya vya kujaza sufuria kubwa, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Watu huniambia mimi ni mgumu, kwamba msibani nakaa kama niliyekuja kupima kiwanja, na siwabishii. Si ugumu. Ni ganzi, ile inayokupata mguuni ukiukalia muda mrefu, isipokuwa hii yangu haijawahi kuachia. Mwaka iliponianza naujua, na mahali nilipokuwa nimekaa napajua.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepanga chumba Kimandolu, na kila asubuhi nilikwenda kazini Sekei kwa miguu. Kazini kwenyewe palikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne na bati lenye kutu, na nyuma yake mparachichi uliokuwa ukiangusha matunda juu ya bati bila taarifa. Wageni walishtuka, sisi tulishaacha kusikia. Sebuleni kulikuwa na meza mbili ndefu alizotutengenezea seremala wa hapo mtaani kwa mbao mbichi, na kufikia Juni zilikuwa zimepinda, penseli ukiiweka upande wangu inaviringika yenyewe hadi kwa Lomayani. Julai tulifanya kazi na makoti. Wiki tatu mfululizo hatukuuona Mlima Meru hata kidogo, ukungu umeukalia, na Injinia akawa anatuambia mlima umekwenda likizo, sisi tuendelee na kazi.

Injinia Anaeli alikuwa Mmeru hasa, mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi, aliyesoma nje miaka mingi akarudi na mabegi mawili na wazo moja. Wazo hilo alimweleza kila mtu, hata mama muuza mkaa aliyepita getini. Alisema kompyuta nyingi zimejengwa vibaya: kile kiini cha programu kinachoendesha mashine kimebebeshwa kila kazi, kwa hiyo kitu kimoja kikiharibika ndani yake, nyumba nzima inaanguka. Yeye alitaka kiini kidogo kabisa, kisichojua jambo lolote isipokuwa kutunza saa na kupeleka ujumbe. Kazi nyingine zote zikae nje ya kiini, kila moja chumbani kwake na mlango umefungwa. Programu ya kusoma kipimajoto chumba chake, ya kuendesha mota chumba chake. Hizo zinazoongoza vifaa tuliziita madereva, na dereva mmoja akichanganyikiwa, kiini kinamuua na kumwanzisha upya, wengine wasijue hata kama kulikuwa na msiba. Mama muuza mkaa aliyasikiliza yote hayo mpaka mwisho, akauliza kama siku hiyo tunachukua debe au gunia.

Lomayani aliandika kiini. Mimi nilipewa miito ya kuamrisha vifaa, na hapa nieleze kidogo, maana bila hilo sina cha kusimulia. Programu inayotaka kitu kwenye kifaa haiwezi kukigusa kifaa chenyewe. Inaita mfumo, na mfumo unapeleka ujumbe kwa dereva. Miito miwili ni rahisi, soma na andika: soma joto la maziwa, andika namba kwenye kioo. Lakini kuna mambo ambayo si kusoma wala kuandika. Washa kompresa. Koroga polepole. Zima ukifika nyuzi joto nne. Hayo yanahitaji mwito wa tatu, na sisi tuliuita amri. Kila amri ilikuwa na namba yake, na ndani ya namba hiyo nilipaswa kufungasha inamhusu dereva yupi, mzigo wa taarifa unakwenda au unarudi, na mzigo una ukubwa gani. Kwenye kompyuta za kawaida unampa dereva anwani ya mahali mzigo ulipo, anajichukulia mwenyewe. Kwetu haikuwezekana, kwa sababu kila programu ina chumba chake, na ukimwambia jirani kitu kiko kabati la pili, atakwenda kufungua kabati lake. Ilibidi kiini chenyewe kibebe mzigo kutoka chumba hiki hadi kile, na hakiwezi kubeba kitu bila kujua ukubwa wake. Miezi minne nilifanya kazi hiyo tu, na sijawahi kufurahi kazini kama miezi ile. Nasema hivyo kwa sababu nakumbuka kwamba nilifurahi; furaha yenyewe nikiitafuta siipati.

Mchana tulikula jikoni tumesimama, maana viti vyote vilikuwa sebuleni vimebeba waya. Lomayani, ambaye ni Mwarusha wa Elerai, alikuja na loshoro ya mama yake kwenye kopo la plastiki, mahindi na maziwa ya mgando, na aligawa hata ukikataa. Mimi nilileta makande ya jana. Injinia alipasha ndizi alizotumiwa kutoka kwao kwenye jiko la umeme lililokuwa likizima umeme wa sebuleni kila likiwashwa, na mtaalamu anayezima kompyuta zake kwa ajili ya ndizi tulimcheka kila siku, kwa adabu, akishatoka. Kupitia dirisha la jikoni tulimsikia mke wa mwenye nyumba akiongea na jirani yake fundi cherehani kuhusu sisi. Alitaka kujua wale vijana wanaandika nini mwaka mzima, ni kitabu gani kisichoisha. Lomayani alilipenda sana swali hilo, akawa ananisalimia nalo asubuhi. Kwa kawaida hakuwa msemaji. Jambo asilolikubali alilinyamazia, na ukishamjua ulijua kwamba huko ndiko kukataa.

Kazi ya kwanza ya mfumo wetu ilikuwa tangi la kupozea maziwa, kwenye kituo cha ushirika kijijini kwao Injinia, juu kwenye mteremko wa mlima. Ng'ombe wa kule wanafugwa bandani, mmoja au wawili kila kaya, na wanawake wanaleta maziwa asubuhi na jioni, huyu lita mbili, yule tano. Gari la kiwanda linapita asubuhi tu. Maziwa ya jioni yakilala bila baridi yanaharibika, na jasho la kaya zote limepotea. Mwenye funguo za kituo alikuwa Mama Elia, mwanamke wa makamo, mfupi, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la Kilutheri la pale, ambaye alitukaribisha kwa chai ya maziwa yenye utando mnene mpaka unautafuna. Tangi lile alilijua kwa mkono. Kila jioni kabla ya kufunga alipapasa ubavu wake kwa nyuma ya kiganja, kama unavyompima mtoto homa. Nilipomfundisha kutumia kisanduku chetu chenye taa mbili, nyekundu na kijani, aliniuliza kama aendelee kupapasa. Nikamwambia, "Usijisumbue, mama. Ya kijani ikiwaka, funga mlango ukapumzike." Alicheka, akasema basi uzeeni amepata msaidizi.

Shida yetu ilikuwa kompresa, ile mashine inayosukuma gesi ya kupoza tangi. Ikizimwa haitakiwi kuwashwa papo hapo. Gesi lazima itulie dakika kama tatu, la sivyo mota inaungua. Dereva wangu alilijua hilo. Akipewa amri ya kuwasha alisubiri, akawasha, akapima kama umeme kweli unapita kwenye mota, ndipo akajibu. Na programu iliyotuma amri ilimngoja, kwa hiyo dakika zote hizo kisanduku kiliduwaa: vitufe havifanyi kazi, namba za joto zimesimama. Siku wafadhili walipokuja Sekei kujionea, kiliduwaa mbele yao, na mmoja wao akatazama saa yake. Walipoondoka Injinia alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Hakugomba, hakuwa mtu wa kugomba. Alisema tu, "Binti, huyo dereva ajibu mara moja. Mtu akiitwa anaitika." Nikasema, "Ndiyo, Injinia."

Dawa yake niliijua. Dereva aitike mara moja kwamba amesikia, kisha iwepo amri ya pili ya kumuuliza, umeshafanya au bado, na kwenye kisanduku iwepo taa ya tatu kwa ajili ya hiyo bado. Ilikuwa kazi ya wiki moja na tundu moja. Lakini visanduku vilishatobolewa, matundu mawili mawili, na aliyevichora alikuwa Injinia mwenyewe. Kumwambia mtu mzima yule kwamba mchoro wako una kasoro kulihitaji kinywa ambacho mimi sikulelewa nacho. Sisi tulifundishwa kwamba mkubwa akikutuma unaitika naam na unainuka. Kama hujui njia utaijulia huko mbele, na kama huwezi utajua huko huko. Hakuna mkubwa aliyesubiri jibu la pili. Basi nikamfundisha dereva adabu hiyo hiyo. Akipewa amri anajibu papo hapo kwamba imefanyika, kisha ndipo anakwenda kujaribu kuifanya, na akishindwa anaandika kwenye kumbukumbu zake za ndani, ambazo hakuna anayezifungua. Lomayani aliisoma kazi yangu, kama tulivyokuwa tukisomeana kila kitu, akaniambia huyu dereva anasema amefanya kabla hajafanya. Nikamjibu kwamba Injinia ndivyo anavyotaka. Akanyamaza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu lililovunjika likawa la mtu mwingine.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri, kisanduku hakiduwai, Injinia anatembea akipiga mluzi. Mvua za vuli zikaanza, na umeme wa kule juu ukaanza tabia zake. Jioni yenyewe sikuwepo, naisimulia nilivyokuja kuisoma. Umeme ulikatika, ukarudi. Programu ikatoa amri kompresa iwashwe, dereva akajibu imefanyika, taa ya kijani ikawaka. Mama Elia akaiona, akafunga mlango, akaenda mazoezi ya kwaya. Dakika tatu zilipotimia dereva alikwenda kuwasha, lakini umeme uliorudi ulikuwa hafifu na mota ikagoma. Akajaribu tena na tena mpaka akaacha. Asubuhi mpimaji wa gari la kiwanda alichota maziwa kidogo, akayachanganya na spiriti kwenye kichupa chake, akatikisa, yakakatika mabonge. Tangi zima lilimwagwa kwenye mfereji, na watu wa mashamba ya chini walisimulia kwamba maji yao yalishuka meupe mpaka saa nne.

Injinia alinituma nikichukue kisanduku. Nilikiunganisha pale Sekei mchana, Lomayani akiwa amekwenda mjini, nikafungua kumbukumbu za dereva. Mstari wa kwanza ulikuwa jibu alilolitoa: imefanyika. Chini yake mistari kumi na minne, yote neno moja, nimeshindwa. Nakumbuka nilikaa nikisubiri kushtuka, kama mtu anayesubiri chafya. Haikuja. Nilikunja waya, nikarudisha skrubu zote nne, nikaenda kunawa mikono. Injinia aliporudi aliniuliza, koti bado analo mabegani, "Mfumo wetu ulikuwa salama?" Nikasema, "Ndiyo, Injinia." Hakuuliza mara ya pili. Aliniamini kabisa, na mimi katika maisha yangu yote sijui mtu mwingine aliyeniamini namna ile.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha shule ya Jumapili, wanawake wamejaa, wengine wamekuja na madumu yao matupu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Sifaeli, alimpa Mama Elia nafasi kwanza. Akasimama akasema taa ilikuwa ya kijani, akafunga, hana lingine. Mmoja akasema pengine aliwahi kwaya bila kuwasha mashine. Mwingine akasema macho nayo huzeeka, huenda aliona nyekundu akadhani kijani. Mzee Sifaeli akamgeukia Injinia, na Injinia akavua kofia, akasema kwa upole wake ule ule, "Vijana wangu wamekagua. Mashine haina sababu ya kusema uongo." Hakusema nani basi mwenye sababu. Watu wote wakamtazama Mama Elia. Mimi nilikuwa kwenye benchi, katikati ya ukuta na Lomayani, na kutoka lazima umpitie yeye. Hakunitazama. Alivuta magoti yake pembeni, akaacha nafasi ya mtu kupita, na akakaa hivyo mpaka kikao kikaisha. Sikupita. Pale ndipo nilipoanza kuhisi miguu si yangu, kisha mikono, kisha vyote vilivyobaki. Mama Elia alifungua fundo la khanga, akatoa funguo, akaziweka mezani. Mume wake, Baba Elia, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliinuka kabla ya sala ya kufunga, akatoka. Nilimwona dirishani akipanda njia ya kwao peke yake, na baadaye nikamwona mke wake akipita njia hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata nilimwomba Injinia taa ya tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu. Alikubali kabla sijafika katikati, akasema, "Mbona hukusema mapema?" Fundi wa kuchomelea wa Elerai akatutobolea tundu la tatu kwenye kila kisanduku, nikaweka taa ya njano, nikaandika upya amri zangu, na mfumo ukaenda vituo vingine na haukumwaga tena maziwa ya mtu. Injinia alinisifu mbele ya wageni. Mwishoni mwa mwaka Lomayani alipata kazi mjini, na siku ya mwisho, tukiwa tumesimama jikoni na loshoro yake, aligusia jambo lile kwa mara ya kwanza. Alisema angeweza kulisema yeye, siku ile ile, ila angekuwa amenipora. "Ni lako," alisema. "Utalisema wewe." Nikamwambia nitalisema. Nilikuwa na nia hiyo kweli, kama vile mtu anavyokuwa na nia ya kwenda kupima macho. Miaka ishirini na kitu ikapita. Nilifanya kazi nzuri mahali pengi, nikaolewa, nikazika wazazi, na kote huko nilijiona kama mtu anayetazama nyumba yake kupitia dirisha la jirani.

Jumamosi Lomayani alinipitia na gari lake. Tulizungumza habari za barabara, bei za nyama, magoti yake. Kwa Injinia palikuwa pamejaa, viti vimepangwa chini ya maturubai hadi ndani ya migomba, na ratiba ya maziko inaonyesha salamu zetu ni za nne. Nilikuwa na karatasi yangu imekunjwa mkobani, maneno mazuri tu. Nikaenda nyuma ya nyumba kuwapa pole wanawake wa jikoni, na pale, kwenye duara la wanaomenya ndizi, nikamwona Mama Elia. Alikuwa amepungua, nywele nyeupe, lakini kisu kinakwenda kama zamani. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, "wewe si ndiye yule binti wa taa." Akanisogezea kigoda na kisu.

Nilimenya ndizi na nikamweleza. Nilifuata mpangilio, kompresa, wageni, dereva anayejibu kabla hajafanya, mistari kumi na minne, swali la Injinia na jibu langu. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma matangazo kanisani, na nilichukia kuisikia, lakini ndiyo niliyokuwa nayo. Mama Elia hakusimamisha kisu. Nilipomaliza, alimaliza ndizi iliyokuwa mkononi, akaitupa kwenye beseni la maji.

"Kwa hiyo ilikuwa ya kijani," akasema.

"Ilikuwa ya kijani, mama."

Akaniambia kwamba jioni ile alipapasa tangi, mazoea tu, na halikuwa na baridi aliyoizoea. Akautazama mkono, akaitazama taa, akajisemea yeye ni nani wa kubishana na wasomi. Baada ya kikao Baba Elia hakumgombeza. Alimuuliza mara moja tu, wakiwa mezani: uliiona kweli ya kijani? Na yeye, kwa maneno aliyoyasikia kwa watu, macho kuzeeka, haraka ya kwaya, hakuwa na uhakika tena. Akamjibu mumewe, sijui. Hawakulizungumza tena. Baba Elia alifariki miaka minne iliyopita. "Amekwenda na hiyo sijui yangu," akasema. "Na mimi mpaka leo asubuhi nilikuwa nayo." Nikasema nisamehe, mama. Alifuta utomvu wa ndizi mikononi kwa kitambaa, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Utasema leo," akaniuliza, "au nisubiri msiba wako?"

Nilipoitwa niliacha karatasi mkobani. Niliwaambia kwamba Injinia Anaeli nilimpenda, kwamba hakusema uongo hata siku moja, na kwamba lile alilosema kwenye shule ya Jumapili alilisema kwa sababu mimi nilimdanganya. Nikaeleza ilivyokuwa, kwa maneno machache, bila kompresa. Nikasema Mama Elia hakukosa kitu. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma, ikabidi nirudie. Mchungaji akanishukuru kwa salamu, akataja wanaofuata, na nikarudi kukaa. Lomayani akanisogezea chupa ya maji. Wale waliofuata walikuwa wameshasimama Mzee Sifaeli alipoinuka. Sasa ana zaidi ya miaka themanini na anatembelea fimbo, na hakuwa kwenye ratiba. Alichukua kipaza sauti, akaagiza Mama Elia aitwe kutoka jikoni, na watu wote tukangoja mpaka akaja, mikono inadondosha maji.

"Funguo tulizipokea kwako mbele ya watu," Mzee Sifaeli akamwambia. "Mbele ya watu nakuomba radhi."

Mama Elia alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema. "Lakini Baba Elia alitoka kabla kikao hakijaisha. Mkamwambie na yeye." Akarudi jikoni, maana ndizi zilikuwa motoni.

Tulimzika Injinia, na udongo ulipokwisha kuwekwa sawa Mzee Sifaeli alinigonga begani kwa fimbo, akaanza kutembea. Lomayani na mimi tukamfuata, tukavuka mfereji, tukapita kwenye kahawa ya jirani mpaka kihamba cha kina Elia, shamba lao la nyumbani, ambako kaburi lipo kati ya migomba, limesakafiwa kwa saruji, limefagiliwa asubuhi ile ile. Mzee alisimama miguuni akazungumza Kimeru. Alizungumza kwa muda mrefu, akinyamaza mara kwa mara kama anayempa mwenzake nafasi, na mara moja alitaja jina langu. Lomayani alivua kofia. Nilitazama saruji, nikangoja kuhisi kitu. Kilichokuja kilikuwa kidogo sana, maumivu ya kawaida kwenye nyayo, viatu vya msiba vinavyobana. Mzee akamaliza, akanisogelea, akanishika kiwiko na kunisukuma mbele kidogo.

"Sasa wewe," akasema. "Sema kwa Kiswahili, alikuwa anakisikia vizuri."

Nikasema, "Shikamoo, baba. Aliiona. Ilikuwa ya kijani."